Seneta wa Langoni Aamua Uchaguzi wa Marekani

Hadithi hii hutaiamini, wala sikulaumu. Hata mimi, mtu ambaye sijawahi kutia chumvi isipokuwa kwenye samaki, naisimulia huku nikijitazama kwa jicho la pembeni. Lakini wallahi ilitokea, hapa hapa Amu, yaani Lamu, mchana kweupe: punda wa Bwana Muhdhar alitangaza matokeo ya urais wa Marekani kabla Wamarekani wenyewe hawajapiga kura!

Bwana Muhdhar, kwa asiyemjua, ni mbeba mchanga na mawe ya ujenzi pale Langoni. Ana punda mmoja na maoni elfu. Alitabiri mvua ya mwaka juzi, ikanyesha mwaka jana. Alitabiri jirani yake atazaa pacha. Jirani akazaa mmoja. "Subirini," akasema Bwana Muhdhar. Mtoto yule sasa anaota meno, na sisi bado tunasubiri.

Basi redio ya mjini ikatangaza kwamba inatafuta mchambuzi. Kiti kimoja tu, kila Ijumaa, mpaka Marekani wamalize kuchagua rais wao. Kazi yenyewe: kusoma vichwa vya habari hewani, kisha kuwaeleza wasikilizaji chama gani kitashinda. Mwenye redio, Bi Israa, akasema majaribio yatakuwa baada ya wiki tatu.

Bwana Muhdhar alikitaka kiti kile kama mwenye jino bovu anavyomtaka daktari. Siku ile ile akamwagiza mkewe, Bi Thuwaiba, amfulie kanzu ya redioni.

"Kwani redioni waonekana?" akauliza Bi Thuwaiba.

"Sauti nayo yavaa kanzu, mke wangu!"

Mpinzani wake alikuwa Ndirangu, muuza saruji kutoka bara, mwenye diploma iliyowekwa kwenye fremu na kutundikwa dukani, juu kidogo ya misumari. Kila jioni wawili hawa walikutana barazani, na Marekani nzima ikakosa raha.

"Vyama ni viwili," Bwana Muhdhar akawasomesha watu, gazeti la kizungu mkononi. Magazeti hayo aliyaokota kiwanja cha ndege cha Manda, walikoyaacha wageni. "Kimoya alama yake ni punda, cha pili ni ndovu. Sasa nambieni, Amu ina punda wangapi?"

"Elfu tatu," akasema Idarus, mshona kofia.

"Na ndovu?"

"Hakuna hata mmoya."

"Uchambuzi umekwisha!"

"Mzee, Wamarekani hawapigii kura Langoni!" akaruka Ndirangu. "Ndovu ni mkubwa. Akimkanyaga huyo punda wako, utamfuta na kitambaa."

"Bwana Ndirangu, ushawahi kuona ndovu amebeba mchanga? Watu humchagua anayefanya kazi!"

"Tangu lini?" akauliza Idarus, na baraza zima likacheka hadi kahawa ikamwagika.

Bwana Muhdhar hakutetereka. Akaeleza habari za wajumbe mia mbili na sabini wanaotakiwa ili mtu ashinde, na jinsi nti ile ya Marekani mtu aweza kupata kura nyingi kuliko mwenzake na bado akashindwa. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akaguna kwa uchungu. "Ah, Pensilvania! Pensilvania yanitia wasiwasi."

Ukurasa ule ulikuwa wa matangazo ya magodoro.

Maana siri ni hii: Bwana Muhdhar hakujua kusoma. Msahafu aliuhitimu tangu utotoni, na herufi za Kiarabu alizisoma kama anayekunywa maji. Hizi za kizungu ndizo zilizomgomea. Na sasa kiti alichokitamani kilitaka asome hewani, hata kisiwa cha Pate kizima kikimsikiliza! Angefanya nini maskini? Akajiandikisha ngumbaru, darasa la watu wazima, kule mtaa wa Wiyoni. Kisirisiri.

Kila siku akitoka msikitini baada ya swala ya alasiri, alimpakia punda wake magunia mawili ya mchanga, nusu nusu, akamuaga mkewe kwamba apeleka mzigo Wiyoni. Punda huyo zamani aliitwa Karanga. Tangu habari za redio, aliitwa Seneta. Seneta alisimama mlangoni mwa darasa akilishwa mabua ya sukuma wiki na Mwalimu Jerioth, mama wa Kimeru ambaye hakuweza kupitisha siku bila mboga hiyo. Bwana Muhdhar alikuwa ndani akipambana na irabu. Saa moja baadaye, wote wawili walirudi Langoni na mchanga ule ule.

Siku kumi na tisa mchanga ukaenda, ukarudi. Bi Thuwaiba akaamini Wiyoni wanajenga ngome.

Kufikia siku ya majaribio, Bwana Muhdhar alijua kusoma "kuku", "kikoi" na nusu ya "Jumatatu". Akaona Marekani haitachambulika kwa kuku na kikoi. Akamwendea Bi Israa.

"Bi Israa, karatasi kila mtu asoma. Mimi nitakuletea utafiti wa kisayansi! Hadharani, pale uwanjani mbele ya ngome. Seneta wangu atachagua mwenyewe. Akifaulu, kiti ni changu."

Bi Israa, aliyejua biashara ya redio kuliko siasa ya Marekani, akakubali papo hapo.

Watu wakajaa. Bwana Muhdhar akaweka vikapu viwili: kimoja kimebandikwa picha ya punda, cha pili picha ya ndovu. Ndirangu, diploma kwapani, akainama kuchungulia.

"Hee! Cha punda kimejaa maganda ya embe, cha ndovu ni makuti makavu! Huku si kununua kura?"

"Hiyo ni kampeni," akajibu Bwana Muhdhar.

Fahmi, mtangazaji, akashika maikrofoni. "Wasikilizaji, mambo ni moto! Dunia nzima inasubiri! Seneta ndio huyo anafunguliwa!"

Mambo yote Bwana Muhdhar aliyapanga. Maganda aliyapanga, kanzu aliipanga, hata hotuba ya ushindi aliipanga. Kitu kimoja tu hakukipanga: saa. Watu ndio kwanza walikuwa wanatoka alasiri, na punda wa Amu ukimzoesha kupita ndia ile ile kwa wiki tatu, basi saa ile ikifika yeye haulizi mtu.

Seneta akainua masikio. Akakipita kikapu cha ndovu.

"Mwamwona? Ndovu amekataliwa!" akapiga kelele Bwana Muhdhar.

Akakipita na kikapu cha punda. Hata pua hakushusha.

"Ah... akagua vituo vya kura kwanza."

Seneta akaingia uchochoroni.

"Aenda kuwasikiliza wananti," akasema Bwana Muhdhar, lakini sauti ilikuwa imeanza kukonda. Alipoona punda amekata kona ya kuelekea Wiyoni, kanzu ya redioni ikalowa jasho. Akamrukia mkia. "Rudi! Karanga! Ndia siyo hiyo! Rudi, mlaaniwa!"

Seneta akamburuta. Watu wakafuata. Fahmi akawa anatangaza huku anakimbia, akihema kama aliyefukuzwa na nyuki: "Tumepita kisima! Tumepita kwa mshona viatu! Wasikilizaji, sijui huko ni jimbo gani la Marekani, lakini kuna matope!"

Mwisho Seneta akasimama mbele ya mlango wa rangi ya buluu, akatulia kama mtu aliyefika kwake. Mlango ukafunguka. Akatoka Mwalimu Jerioth, mabua ya sukuma mkononi. Akamtazama Bwana Muhdhar, kavaa kanzu yenye matope, mkia wa punda ungali mkononi. Akautazama umati nyuma yake.

"Bwana Muhdhar, umechelewa. Halafu jana nilikwambia ulete daftari. Sikukwambia ulete wazazi."

Pate nzima ilisikia. Hata Kiunga, kule mpakani, wakasikia.

Bi Thuwaiba akapenya mbele, buibui limempanda upande. "Kumbe! Na ule mchanga wa siku zote hizo?"

"Nao ulikuwa ukisoma," akasema Idarus.

Fahmi akaona bahati imemdondokea. "Wasikilizaji! Seneta amekipita chama cha ndovu, amekipita chama cha punda, amempigia kura Mwalimu Jerioth! Mwalimu, wewe kama rais mteule wa Marekani, una lipi la kusema?"

"Nasema Bwana Muhdhar aingie darasani."

"Na chama gani kitashinda?" akauliza Bi Israa.

"Sijui," akasema Mwalimu Jerioth. "Si uchaguzi bado haujafanywa?"

Wiki zote zile, barazani, redioni na kwenye simu za watu, hakuna mchambuzi hata mmoja aliyewahi kutamka neno hilo, "sijui". Bi Israa akampa kiti pale pale. Ndirangu akaigeuza diploma yake, kioo kikatazama ubavu.

"Mwalimu, nami je?" akauliza Bwana Muhdhar kwa sauti ndogo.

"Wewe soma ubaoni. Sentensi moja tu."

Ubaoni palikuwa na sentensi: Kuku ana kiu. Bwana Muhdhar akaingia, akasimama mbele ya ubao. Maikrofoni ikasogezwa. "Ku... ku. Kuku! A... na. Ana! Kuku ana..." Akakwama. Akatega sikio nyuma kidogo. Kisha akatoa kifua mbele, akanguruma: "Kuku ana kijiko!"

Basi, ndugu zangu, watu elfu kumi walicheka hadi kule Mbwajumali, kisiwani Pate, wakaanua nguo wakidhani ni radi, na Seneta mwenyewe akaingia darasani kwa hasira, akaichukua chaki kwa meno, akamsogeza bwana wake kando na kuandika ubaoni, kwa hati nzuri kuliko ya...

"Ya nani? Ya nani?" Huyo ni Bwana Muhdhar. Kumbe muda wote yuko nyuma yangu hapa barazani, na kikombe chake cha kahawa! "Watu walikuwa arubaini. Punda alibaki nde, mlangoni, akila sukuma. Na mbona hukuwambia aliyeninong'oneza 'kijiko' kutoka dawati la nyuma ni weye?"