Mkurugenzi Aliyepewa Mama

Gharib aliigundua biashara yake mpya akiwa katika duka la leso, Biashara Street, akimchagulia leso mke asiyekuwa naye. Mbele yake akina mama wawili walikuwa wakimkaba mwenye duka kwa shilingi hamsini. Walimkaba nusu saa nzima. Walimkumbusha ujirani, walimkumbusha Mungu, walitoka mara mbili na kurudi mara mbili, na mwisho wakaondoka na hamsini yao. Hatua tatu nje ya mlango, mmoja akamwambia mwenziwe kwamba mwanawe amepata D ya Kiingereza, na kwamba akimpata mwalimu wa tuisheni atalipa chochote atakachoambiwa.

Gharib akairudisha leso mahali pake. Miaka kumi na miwili ya kuwapunguzia watu uzito wa mifuko ilikuwa imemfunza kulisikia neno "chochote" hata sokoni. Leso ina bei, na samaki ana bei. Kiingereza cha mtoto hakina bei, na anayekiuza rahisi hushukiwa.

Alikuwa mtu wa utaratibu. Siku ya pili alikodi chumba cha ghorofani, Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago la Kahindi. Siku ya tatu alipandisha kibao: TAASISI YA KIFALME YA KIINGEREZA. Kahindi alitoka nje akakisoma mikono ikiwa kiunoni.

"Mfalme gani huyo, ndugu yangu?"

"Wa Waingereza."

"Yeye mwenyewe ana habari?"

"Ameridhia."

"Basi mwambie kodi hulipwa tarehe mosi," Kahindi akasema, akarudi kuwapangusa ndovu wake vumbi.

Siku ya nne Gharib aliandika kipeperushi, na hapa lazima mtu huyu atendewe haki. Kilikuwa kipeperushi cha kweli kuliko vyote vilivyopata kuandikwa kisiwani kuhusu tuisheni. Kilimshauri mzazi adai somo la kwanza liwe la bure, na asiporidhika arudishiwe kila shilingi. Kilimtaka aulize jina la mwalimu na namba yake ya Tume ya Walimu. Kilimwonya kwamba watoto wakizidi kumi na wawili, hilo si darasa tena, ni maulidi. Kilimwambia alifungue daftari la mwanawe kila wiki, na asipoona wino mwekundu, ajue hakuna anayefundisha. Kilisema saa za masomo zisigongane na madrasa, wasichana wawe wamefika nyumbani kabla ya magharibi, na anayekuahidi A kabla ya kumwona mtoto akimbiwe.

Maarifa haya Gharib aliyapata kwa kukaa ufukoni Mama Ngina jioni tatu, akila mihogo ya kukaanga na kuwasikiliza wazazi waliokwisha kuliwa na wengine. Aliyaahidi yote bila kusita. Mtu asiyekusudia kutenda jambo anaweza kuliahidi kikamilifu. Pahali pamoja tu ndipo alipoyatazama maslahi yake kidogo: kulipa mwezi kwa mwezi ni vizuri, kipeperushi kilisema, lakini kulipa muhula mzima kwa pamoja ni vizuri zaidi. Masomo yangeanza Jumamosi ya tatu. Gharib alikusudia kuondoka Ijumaa, siku moja kabla.

Wazazi walikuja. Watoto walipewa mtihani wa kupima kiwango, wote wakaanguka, kwa kuwa ulitungwa hivyo. Akina mama walisikitika, walimsifu mkurugenzi kwa ukweli wake, walikunja kipeperushi wakakitia mkobani. Kisha kila mmoja alisema maneno yale yale: "Tutasikia Bi Mahfudha yuwasemaje."

"Bi Mahfudha ni nani?" Gharib akamuuliza Kahindi baada ya mama wa ishirini.

Kahindi alimtazama kama mtu aliyeuliza bahari iko upande gani. "Hapa Mji wa Kale hakuna bwana arusi anayeoa bila kuchunguzwa na Bi Mahfudha. Akisema huyu hafai, hata mama mzazi wa kijana huitika ndiyo. Nenda kamwone, mkurugenzi. Yuko Kibokoni. Tena ana mjukuu, Ummukulthum, yuko kidato cha nne. Kiingereza kimemshinda, na huyo bibi hapati usingizi."

Gharib alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akabeba shahada tatu ambazo wino wake, kutoka saiba ya jirani, duka la kompyuta, ulikuwa umekauka asubuhi ile.

"Hodi!"

"Karibu, pita."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, baba. U hali gani? Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Kaa kitako."

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye miwani mikubwa. Gharib alizitandaza shahada mezani, ile ya London juu. Bi Mahfudha akaweka sinia ya kahawa juu yake.

"Bi, hizo ni karatasi za..."

"Nimeziona. Hata leso imeandikwa. Wewe ni wa nani?"

Gharib alikuwa amejiandaa kuulizwa chuo gani, mwaka gani, daraja gani. Alizaliwa Voi, mwana wa fundi wa reli, na hakuwa na hata paka wa ukoo katika mji huu. "Mimi ni wa papa hapa," akasema, "ila nimelelewa nje."

"Nje wapi?"

"Arabuni."

"Mamako nani?"

Gharib akanywa kahawa, ingawa ilikuwa moto. Bi Mahfudha akaivua miwani, akainama mbele.

"Hebu nikutazame. Lo! Usiwe u mtoto wa marehemu Mwanakuu, yule aliyeolewa Maskati!"

Katika kazi ya Gharib, bahati kama hiyo huja mara moja kwa muongo. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyefichuliwa siri ya moyo. "Ndiye mamangu, Bi."

"Mwanakuu mwenye alama shavuni?"

"La kushoto."

"La kulia."

"La kulia, ukimtazama."

Bi Mahfudha alilia. Alimkumbatia, akamwambia kwamba yeye na Mwanakuu walinyonya ziwa moja, na kwa hivyo aliyeketi mbele yake ni mwanawe wa halali. Akaita ndani. "Ummukulthum! Ndoo umwamkie mjomba wako!"

Akatoka msichana mrefu, kidole kikiwa katikati ya kitabu cha riwaya kilichomtesa tangu Januari. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akasema Gharib, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile akapumua.

Kufikia Alhamisi watoto thelathini na wawili walikuwa wameandikishwa. Ijumaa asubuhi Gharib alifunga begi lake, kisha akapita Kibokoni kumuaga mama kimoyomoyo na kuulizia, kwa adabu, habari za ada.

"Wamelipa wote," akasema Bi Mahfudha. "Muhula mzima."

"Wamelipa wapi, mama?"

"Kwenye simu yangu. Wewe u mgeni, mwanangu. Mji huu una wezi." Alimpapasa bega. "Muhula ukiisha, watoto wakifanya vyema, nitakukabidhi mkononi mwako. Ni amana."

Gharib alirudi chumbani akalifungua begi. Alipiga hesabu kama mtu mzima. Fedha zipo, zinakaa pahali salama, na mlinzi wake ni kikongwe anayemwita mwana. Wiki kumi si milele. Kilichohitajika ni kitu kinachofanana na tuisheni.

Lakini Bi Mahfudha alikifahamu kipeperushi. Jumamosi alifika nacho mkononi, akikisoma kwa kidole. "Imeandikwa somo la bure. Mwalimu yuko wapi? Imeandikwa ana namba."

Hivyo ndivyo mkurugenzi alivyojikuta Tudor, sebuleni kwa Mwalimu Winnie Kavumbi, aliyefundisha Kiingereza miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu.

"Nimekwisha kufanya kazi na wakurugenzi," Mwalimu Winnie akasema. "Mshahara wa mwezi mmoja mbele, chaki mpya, na mkurugenzi asiingie darasani kwangu."

Gharib akauza saa yake ya Uswisi. Ilikuwa mara ya kwanza kuuza saa ya aina hiyo kwa thamani yake halisi, na fedha hazikutosha. Akaongeza na simu.

Muhula ukaendelea kwa unyoofu wa kutisha. Watoto waligawanywa makundi matatu, na Bi Mahfudha alikuja kuwahesabu. Daftari zilijaa wino mwekundu, na Bi Mahfudha alizikagua. Masomo yalipangwa Jumamosi na Jumapili ili madrasa isiguswe, na magharibi ilipokaribia Gharib mwenyewe alisimama mlangoni kuhakikisha wasichana wanaondoka. Kila neno alilolichapa lilikuwa likimtawala.

Juu ya hayo, alikuwa na jamaa. Mtoto wa Mwanakuu alihitajika mazikoni, akabeba juani majeneza ya jamaa wa kizazi cha tatu asiowajua. Alihitajika harusini, akasimama kwenye masufuria ya biriani toka alfajiri. Mzee mmoja wa Kuze, ambaye Gharib aliambiwa kuwa ni ami yake, alimfanya ampeleke kliniki kila Jumatano.

"Naona ukoo umekukubali," Kahindi alimwambia siku alipopita na kitanda cha watu kichwani.

"Umenikubali mno."

"Mfalme hajambo?"

Gharib akaendelea na njia. Kitanda kilikuwa cha mvule.

Wiki ya kumi matokeo ya mtihani wa majaribio yakatoka shuleni. Ummukulthum, aliyekuwa na D, alipata B. Alasiri hiyo Gharib alikwenda Kibokoni akiwa amevaa kanzu ile ile ya siku ya kwanza. Begi lake lilikuwa mlangoni.

"Mama, nimekuja kwa ile amana."

"Ile?" Bi Mahfudha akammiminia kahawa. "Nimemlipa Mwalimu Winnie, muhula huu na ujao, mpaka watoto wafanye mtihani wenyewe. Kahindi nimempa kodi yake. Kilichobaki kimenunua viti, maana vile vyako vilikuwa vya matanga."

Gharib alisimama. Wiki kumi za jua, masufuria na kliniki zilimpanda kichwani kwa pamoja, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini. Alisema kweli.

"Sikiliza, bibi wewe. Mimi si mtoto wa Mwanakuu!"

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu nilipomzua. Hapakuwa na Mwanakuu wa Maskati. Nilimzaa papa hapa, na alama nikamtia." Alikoroga kahawa yake bila haraka. "Wachumba waliopita mbele yangu siwahesabu, baba. Mtu mwema akipewa mama asiyekuwa wake hukataa. Ayari hupokea, tena huuliza shavu gani."

Gharib alikaa tena. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa mara moja, na akili yake, iliyolala kwa wiki kumi, ikaamka. Akatabasamu.

"Vyema, Bi. Sasa utamwambia nani? Umeapa kwa ziwa ulilonyonya. Mji mzima wanijua kuwa ni mwanao. Nikiwa mwizi, ni wewe uliyeniingiza majumbani mwao. Kesho ni nani atakayekuletea bwana arusi umchunguze?" Akainua kikombe. "Nipe nusu ya ada. Niende zangu, na jina lako libaki safi."

Kwa mara ya kwanza Bi Mahfudha alinyamaza. Alitazama kikombe. Alitazama mlango wa chumbani, ambako Ummukulthum alikuwa akisoma kwa sauti, kwa Kiingereza, bila kukwama. Gharib aliuhesabu ukimya ule na kuuona ni mtamu.

"Wasema kweli," bibi akasema hatimaye. "Mbele za watu siwezi kukukana. Wewe ni mwanangu, na mimi nina haki zote za mama."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana nimekuposea mke."

Kikombe kilisimama hewani.

"Binti wa watu, ametulia. Ana kaka watano, wote makuli wa bandarini, Mungu amewajalia vifua. Nimewaambia mwanangu atatoa mahari ya Kimaskati, na wao hawapendi mtu anayerudi nyuma. Wanakuja leo kukutazama. Ndoa ni Ijumaa."

"Bi Mahfudha, tusifanye haraka..."

"Mama," akamsahihisha. "Niite mama, wasikie."

Mlangoni pakasikika hodi, nzito, ya kiume, ikifuatwa na nyayo nyingi na kishindo cha kitu kizito kikitua barazani. Gharib hakungoja kusikia karibu. Alipita ukumbi, akapita jikoni, akatokea uani na kuingia kichochoro ambacho hukifahamu tu mtu aliyekwisha kubebeshwa kitanda ndani yake. Begi alilisahau.

Alikuwa amefika Mariakani, kwa lifti aliyomwomba dereva wa lori kwa Kiingereza kizuri sana, pumzi zilipomrudia na akili ikazifuata. Aliikumbuka ile hodi, akaona kuwa aliijua sauti yake: ilikuwa ya Kahindi. Kile kishindo kilikuwa cha vile viti vipya. Akajaribu kulikumbuka jina la bibi arusi, asilipate popote. Hakuwa ameambiwa. Bi Mahfudha hakujisumbua hata kulizua. Kwa mtu kama yeye, kaka watano walitosha.