Uzinduzi wa Choo cha Mnazibubu

Hivi mwenzangu, umepata kuona serikali inayowapunguzia watu hata taabu ya kufikiri? Basi njoo Mnazibubu, mji wetu mdogo upande wa chini wa Tongoni. Gari la matangazo lilipita asubuhi likitangaza Siku ya Uwazi na Uwajibikaji: kila mwananchi ataruhusiwa kumuuliza mgeni rasmi swali lolote, na maswali yatagawiwa ofisini.

Bi Mwamvua, muuza madafu wa sokoni, akaitikia wito, akaenda kuchukua lake. Alimkuta Afisa Mtendaji, Bwana Castory, kijana mwenye adabu zake, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata swali."

"Lako hili hapa. 'Mheshimiwa, mnapata wapi nguvu ya kututumikia namna hii?' Ukifika kwenye 'namna hii', inua mikono kidogo."

"Mie nina la kwangu. Nataka kuuliza choo cha soko kiko wapi."

Castory akamtazama kwa huruma, kama mganga anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa kuletwa. "Bibi, choo kimekamilika. Kimo kwenye taarifa. Ukiuliza kitu kilichokwisha kukamilika, unalirudisha taifa nyuma."

"Basi nionyeshe, nikakitumie."

"Swali limepokelewa," akasema Castory. Hilo ndilo jibu la ofisi kwa kila jambo, na mpaka leo hajatokea mtu wa kulikosoa.

Tuseme kweli, choo kilikuwepo, kwa mbele. Palikuwa na ukuta wenye rangi ya maziwa, milango miwili ya buluu, mmoja WANAUME, mmoja WANAWAKE, na kibao cha marumaru kimefunikwa pazia la satini. Nyuma ya ukuta palikuwa na michongoma, na mbuzi wa Beatrisi muuza mkaa. Wataalamu walieleza kuwa huo ni utekelezaji kwa awamu, na busara inataka kuanza na upande unaopigwa picha.

Bi Mwamvua habishani na wataalamu. Ila ana sukari, na zahanati walimwambia anywe maji mengi. Kunywa si kazi. Kazi ni yanayofuata. Kila haja ilimvusha barabara kuu mpaka kwa mkwewe, na unajua mwenyewe hodi ya kwa mkwe ilivyo nzito, tena hodi ya kuomba choo. Akirudi, wateja wamekwishakwenda. Basi akaacha kunywa. Anakaa jua zima akiwakatia watu madafu, na midomo yake imepasuka kama tope la mashamba ya chumvi.

Siku ikafika. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Sadalla, akashuka garini kavaa suti nyeusi, na joto lile. Castory akamnong'oneza Bi Mwamvua, "Bibi, leo kazi yako ni moja tu. Mgeni asikaukiwe."

"Asikaukiwe," akaitikia Bi Mwamvua, akanoa panga lake.

Mheshimiwa akakata utepe, akavuta pazia, akapigwa picha na mlango. Kisha akaketi kusikiliza risala. Risala ya Mnazibubu haisikilizwi na mwenye haraka: ilianza na historia ya mji, ikapita kwenye mafanikio, ikakumbuka kitu, ikarudi kwenye historia. Bi Mwamvua akakata dafu, akalipeleka kwa mikono miwili. Likaisha, akapeleka jingine.

"Asante bibi, nimetosheka."

"Mgeni hakatai dafu, baba. Watu watasema umetununia."

Mheshimiwa ni mtu wa kura. Akanywa.

Yudith, mkaanga samaki wa meza ya jirani, akamvuta kanga. "Mama, utampasua mtoto wa watu."

"Nimeambiwa asikaukiwe, mwanangu. Mie natekeleza."

Risala ilipofika kwenye changamoto, Mheshimiwa akakunja mguu. Kwenye shukrani akakunja na wa pili. Alipopewa kipaza sauti ahutubie, akasema "Ndugu wananchi," akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaenda kwa hatua fupi fupi mpaka kwenye mlango wa WANAUME, akausukuma, akaingia.

Akatokea nje. Mbuzi wa Beatrisi akainua kichwa, majani yananing'inia mdomoni. Vijana wa bodaboda, waliokosa kivuli kule mbele, walikuwa wamejikalia chini ya ukuta. Wakasimama wote kwa heshima.

"Shikamoo Mheshimiwa."

Mheshimiwa akarudi mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, wa pili bado umeshika kipaza sauti, na soko zima likasikia:

"Castory. Choo kiko wapi?"

Castory akasimama wima, risala kaikumbatia kifuani. Mdomo ukajibu kabla akili haijafika.

"Swali limepokelewa, Mheshimiwa."

Bi Mwamvua akaweka panga chini, akajifuta mikono, akakaza kanga yake kiunoni. Kwa mujibu wa ratiba, zamu ya kuuliza ilikuwa yake. Akainua mikono kidogo, kama alivyofundishwa.

"Mheshimiwa," akasema, "na mie nilitaka kuuliza hilo hilo."