Mbweha wa Barafu Apata Haki Yake

Jumatatu, 4 Agosti
Madoka karudi analia tena. Umri miaka saba, kilio cha mjane! Kashindwa na Kanae wa ghorofa ya tatu, kwenye mchezo wa kadi za mazimwi. Yeye hataki zimwi jingine ila mbweha wake wa barafu. Nimesoma sheria za mchezo huku namnyonyesha mdogo wake. Jamani! Moto unaiyeyusha barafu, chuma kinaivunja, mwamba unaiponda, hata ngumi tupu inaipasua. Na chuma? Hakishikiki. Nani kabuni upuuzi huu? Nimemshauri achukue zimwi la chuma. Kaniuliza kama na mimi ningembadilisha yeye kwa mtoto mwenye nguvu. Nimemfuta kamasi.

Jumanne, 5 Agosti
Baba Madoka, mdomo umejaa tambi baridi, anasema kutolingana ndiyo utamu wenyewe. Mazimwi yote yakiwa sawa, mtu atachagua nini? Nimemwambia achague: kuosha vyombo au kumbembeleza mtoto. Kachagua kulala.

Jumatano, 6 Agosti
Kikao cha chama cha watoto cha majengo yetu. Jumamosi ni sherehe, na mashindano ya kadi yamo. Msimamizi kaumia kiuno. Kila mama kainamia viatu, tunangoja kura ya kumpata mwingine. Nikanyoosha mkono! Msimamizi ndiye anayepanga sheria, hilo wenzangu hawakuliwaza.
Huku kwetu hakuna anayejitolea. Mwenyekiti, Bi Isogai, kaandika jina langu kabla mkono haujashuka. Kisha, kwa kuwa nina moyo, kaniongezea mazoezi ya redio, watoto wananyoosha viungo kwa muziki wa redio saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kutandaza wavu wa kuzuia kunguru kwenye takataka. Mama Kanae kainama kwa adabu, kasema pole sana, Mama Madoka, nguvu hizo unazitoa wapi? Nyoka yule!

Alhamisi, 7 Agosti
Mazoezi ya redio. Mtoto mgongoni, muhuri mkononi. Nimewagongea watoto kadi za mahudhurio, nikajigonga na shavu. Kunguru wamefungua taka za jengo zima.
Lakini tangazo nimelibandika: kila zimwi litapiga sawa na jingine. Mama Kanae kalisoma ngazini kwa sauti, kauliza, kwa hiyo moto na barafu siku hizi ni ndugu? Nikamjibu kwangu ndiyo, tumbo moja.

Jumamosi, 9 Agosti
Sherehe. Aibu!
Pambano la kwanza, sare. La pili, sare. Pigo kwa pigo, mazimwi yanaanguka pamoja kama walevi wawili. Nikaamua washindi wapatikane kwa jankeni, ule mchezo wa mikono: jiwe, karatasi, mkasi. Watoto wakatupa kadi chini, wakacheza jankeni tu, wanapiga kelele za furaha. Mwenyekiti kauliza kwa upole kama kadi zilihitajika.
Madoka hakucheza. Kaja kunivuta aproni, macho mekundu. Eti mama, umemfanya mbweha wangu awe kama kila mtu. Eti zamani akishindwa, alikuwa anashindwa kama yeye mwenyewe. Nikasema mwanangu, nilitaka ushinde. Kasema yeye alitaka mbweha ashinde.
Nimemkumbatia. Kisha nimemwambia sheria ni sheria, arudi kwenye mstari.
Hakurudi. Nimemkuta nyuma ya hema la barafu ya sharubati, yeye na Kanae, wanacheza kwa sheria za zamani! Madoka kashindwa. Kashindwa tena. Ndipo Kanae akatoa kwa mbwembwe joka jipya alilopewa na babu yake. Kumbe joka haliwezi baridi! Mbweha kapuliza mara moja tu, joka chali. Madoka karuka mpaka kofia ikaanguka. Sijawahi kuona uso ule tangu azaliwe. Nimelia kidogo. Ni vitunguu vya tambi za kukaanga.

Jumapili, 10 Agosti
Madoka kalala na mbweha chini ya mto. Baba yake ananitazama, anasema, umeona sasa? Nimeona, ndiyo. Nimeona Kanae akipanda ngazi analia na joka lake kifuani. Joka zima, la babu, linaangushwa na upepo wa baridi? Huo ni uonevu! Nani kabuni upuuzi huu?
Nimempigia Bi Isogai simu kumwambia kwamba mwakani nasimamia tena, nimeshafikiria sheria ya kuyatetea majoka. Hakuuliza ni ipi. Kashukuru sana, kanipa na kuzibua mitaro.