Ngoma Kumi na Moja za Radi

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Jasbir amerukwa na akili! Mpiga gitaa wetu, mtu niliyemwamini, anataka Alhamisi nishindane na mwanamke kugombea kiti changu cha ngoma. Atakayeshinda ndiye atakayepiga ngoma kwenye dansi ya roki Elburgon Jumamosi. Mpinzani ni Mwalimu Wamuyu, ambaye kila Jumapili hupiga ngoma kubwa kanisa lake likiandamana hapa Nakuru. Jasbir anasema alikuwa bado kitandani kwake alipomsikia, madirisha yakatetemeka. Nikamwuliza hupiga mapigo mangapi. Akasema machache tu. Nilicheka hadi nikakohoa.

Mimi, Masinde, naitwa Radi. Jina nilijipa mwenyewe, lakini linaanza kushika.

Jumanne, 7 Agosti

Maandalizi yamepamba moto. Bendi ina ngoma tano. Nimeongeza sufuria mbili za dada yangu Nekesa, madebe matatu na pipa. Kumi na moja! Nekesa aliuliza atapikia nini. Nikamwambia historia haingoji ugali.

Jumatano, 8 Agosti

Nimepata wazo. Zamu ya kwanza kesho ni ya Mwalimu. Sasa, akikuta ngoma mbili tu na toazi moja, atafanya nini? Ataaibika! Nimeingia stoo ya duka la baba yake Jasbir, tunakofanyia mazoezi, nikaficha ngoma tatu nyuma ya magunia ya saruji. Kazi safi. Maskini Mwalimu.

Alhamisi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Mwalimu aliingia, akatazama, akashukuru aliyempunguzia vyombo. Alikuwa anaona haya kuomba viondolewe. Akavua sweta, akaketi, akainua mkono juu na kuushusha.

Mungu wangu! Mkebe wa misumari ulianguka kutoka kwenye rafu. Akangoja. Akapiga tena, pale pale wimbo ulipotaka apige. Hakuna mbwembwe, hakuna kukimbia huku na kule. Gitaa la Jasbir, ambalo kwangu huwa kama mbuzi aliyepotea, lilitembea wima. Mzee Joginder, baba yake, alikuja mbio akidhani ukuta umeanguka. Kwa kawaida hutufukuza. Leo aliketi juu ya saruji, akasikiliza mpaka mwisho. Sitadanganya, nywele zilinisimama.

Kisha zamu yangu. Nikazitoa zile tatu nyuma ya magunia, nikapiga vyote kumi na moja kwa kasi ya ajabu! Katikati Jasbir aliacha kupiga gitaa, akasema hajui wimbo umefika wapi. Debe moja lilitoka mlangoni likaenda zake barabarani. Mzee Joginder alilifuata, hakurudi.

Kiti kimechukuliwa. Nimepewa kayamba, niitikise mara moja, mwisho wa wimbo wa mwisho. Iliniuma. Iliniuma sana.

Jumamosi, 11 Agosti

Elburgon. Ukumbi wa mbao, umejaa vijana wa viwanda vya mbao. Mwalimu alipopiga pigo la kwanza sakafu iliruka, na watu wakaruka nayo. Mimi pia. Niliona fahari kuwa bendi moja naye.

Wimbo wa mwisho, katikati, gitaa likanyamaza. Mwalimu akainua mkono. Ukumbi mzima ukabana pumzi. Kimya. Kimya kikazidi. Nikaelewa: amesahau! Aibu iliyoje, mbele ya umati huu! Nani wa kumwokoa ila Radi? Nikatikisa kayamba kwa nguvu zangu zote.

Watu mia mbili wakanigeukia. Kijana mmoja akauliza huyo ni nani. Hapo ndipo mkono wa Mwalimu ukashuka, lakini wote walikuwa wananitazama mimi.

Baadaye aliniita kando. Hakupandisha sauti. Alisema, "Masinde, kile kimya ndicho nilichokuwa napiga." Jasbir naye akachukua kayamba, akaifungia kwenye buti la gari.

Jumapili, 12 Agosti

Nje ya bendi. Asubuhi nilisimama kando ya barabara maandamano ya kanisa yakipita. Pigo moja. Hatua. Pigo jingine. Nilitokwa na machozi, na sioni aibu. Huyu mama ni bingwa, na mimi ndiye mwanafunzi wake wa kweli, maana siri yake nimeipata: kupiga kidogo.

Nimeshaongea na Nekesa kuhusu sufuria zilizobaki. Mzee Joginder ana mapipa. Nitafikisha ngoma ishirini, na kila moja nitaipiga kidogo.