Sarafu Ambayo Haijatumika

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Miaka minne, miezi miwili na siku tisa tangu niondoke nyumbani. Leo tumebomoa ofisi ya ghorofa ya pili. Kwenye kifusi nimeokota kitabu kisicho na jalada: bei za sarafu za zamani, pamoja na picha. Na mimi ninayo moja! Mama aliishonea kwenye pindo la shati langu siku naondoka. Akasema nisiitumie hata nikilala njaa, nije nimrudishie mkononi. Njaa nimelala nayo sana. Sijaitumia.

Dada alipiga simu saa ya chakula. Macho ya mama yanafifia. Akasema nikitaka kuonwa nije mwezi huu; nikichelewa nitaishia kupapaswa uso. Nikamwambia nauli sina. 

Jumanne, tarehe 5
Ukurasa wa sitini na moja. Mfalme yuleyule wa sarafu yangu, pua ileile, nyuma ndege. Bei zina safu nne. Ya kwanza, Imechakaa: haifikishi mtu stendi. Ya nne, Haijatumika: nauli ya kwenda na kurudi mara ishirini! Haijatumika. Niliishia darasa la tano, lakini neno hilo nalisoma hata gizani.

Nimemwonyesha Tajiri, fundi rangi ninayeishi naye chumba kimoja. Tajiri ni jina tu. Viatu vyake vinacheka mbele. Akasema kitabu kina miaka kumi na moja. Nikamwambia na sarafu ni ya zamani, wataelewana. Wivu huo.

Alhamisi, tarehe 7
Nimemdanganya nyapara kwamba jino linauma. Duka la sarafu liko nyuma ya benki. Mwenye duka ni mwanamke mtu mzima, lenzi kaitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikataja safu ya nne. Akasema, "Kaka, hii imetumika mpaka mfalme kabaki na sikio moja." Nikaapa kwa mama yangu mzazi kwamba sijaitumia. Akauliza, na waliokutangulia je? Tena bei za kitabu ni za yeye kuuza, si za mimi kumuuzia.

Hata hivyo akaweka noti mezani. Nauli ya kunifikisha nyumbani, kamili, na ya chai njiani. Niliziangalia. Mama alisema nimrudishie, lakini mama hakuujua ukurasa wa sitini na moja. Nikachukua sarafu yangu, nikatoka. Sikuzaliwa jana!

Jumamosi, tarehe 9
Nimewaza siku mbili nikibeba zege. Kasoro ni sura tu. Kitu ambacho hakijatumika hung'aa. Nimeazima msasa wa Tajiri bila kumsumbua kwa kumwomba. Nimeanza na upande wa mfalme. Tajiri kanikuta nasugua, akasema bandubandu huisha gogo. Nikamjibu hili si gogo, ni mfalme. Inang'aa kama sahani ya wageni. Mfalme amepungua kidogo.

Jumatatu, tarehe 11
Jino tena. Mwenye duka alitazama, akavua lenzi, akaifuta, akatazama tena. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema fundi. Akasema ningeiacha na uchafu wake, leo ningekuwa safarini. Sasa hata safu ya kwanza inaikataa. Akanipa maji ya kunywa. Maji tu. Nimerudi kwa miguu.

Jumanne, tarehe 12
Dada kapiga. Mama anauliza kama bado ninayo. Nikasema ninayo, tena inang'aa, hata kwa macho yale ataiona. Dada akasema mama amecheka. Hajacheka tangu mwezi uliopita. Nimekaa juu ya ndoo ya rangi muda mrefu. 

Jumatano, tarehe 13
Mungu hamtupi mja wake! Ukurasa wa mwisho, maandishi ya sisimizi: sarafu iliyotoka kiwandani bila sura pande zote mbili ni kosa la mashine, na bei yake inazipita safu zote nne. Upande wa mfalme uko tayari. Kabaki ndege. Tajiri kaficha msasa, lakini sakafu ya saruji hajaificha. Nimemtumia dada ujumbe: mama ayatunze macho, nafika Jumamosi, tarehe 23.