Wanaohitaji Leseni ni Watoto, Siyo Bunduki Yangu

Ndugu Mwenyekiti Revelian,
Serikali ya Mtaa wa Kwa Mdundo,
Manzese.

YAH: KUNYIMWA MUHURI WA KUOMBEA BUNDUKI

Salamu kwako na kwa katibu wako Bi. Eliaichi, aliyekuja Jumatatu kukagua nyumba yangu, akanywa chai vikombe viwili, kisha akaandika "hapana". Mimi Mfaume, niliyemtimua simba Rufiji kwa kandambili moja (ya pili ilikuwa imekatika), leo ninyimwe bunduki ya kulinda kuku! Nasikitika kwa heshima zote, kama ifuatavyo:

1. Mmesema sheria inataka kabati la chuma lenye kufuli. Mwenyekiti, mie mahali ninapo: juu ya kabati la nguo, ndani ya sanduku la harusi la dada yangu Tabu, chini ya miswala. Hata mwenyewe huwaga napasahau.

2. Mmesema risasi zikae mbali na bunduki. Sasa mwizi wa kuku nimwambie, "Ndugu, keti kwanza, risasi ziko Mbezi Beach, zimekwama kwenye foleni"?

3. Bi. Eliaichi kawahesabu watoto wa Tabu ninaoishi nao, kafika watano, katikisa kichwa. Kasema penye sheria kali watoto wanaozikwa kwa risasi ni wachache. Si ndiyo nasema! Mtaani kwetu hatujazika hata mmoja. Maana yake sheria imeshamaliza kazi, ipumzike.

4. Bunduki ukiiweka inatulia. Tangu nizaliwe sijaona bunduki ikiparamia kabati. Anayeparamia ni mtoto. Kwa hiyo leseni akakate mtoto: picha mbili za pasipoti, alama za vidole, ukaguzi kila mwaka. Akishindwa kueleza mikono anaitakia nini, afungiwe yeye kwenye hilo kabati la chuma. Kufuli nitachangia.

Sibahatishi. Shule niliishia darasa la sita, la saba nililiona kupitia dirisha, lakini utafiti naujua. Barua hii yenyewe naificha kwenye sanduku lile mpaka nitoke kuswali adhuhuri. Nikiikuta salama, muhuri wangu naudai.

Nisalimie kamati nzima, mama watoto, na yule mbwa wako aliyening'ata. Sina kinyongo.

Wako katika ulinzi,
Mfaume Kibwana,
Mjomba wa watoto watano.

Nyongeza: Mikunjo ya karatasi mnisamehe. Nimerudi msikitini nikamkuta Talha wa Tabu, miaka minne, kaisokota barua kama mtutu, kamlenga dada yake Salma usoni: "Paa! Ushakufa!" Salma kajiangusha chali, kafumba macho. Nikacheka, halafu nikakaa palepale sakafuni mpaka Salma alipoinuka. Ombi nimelifuta. Muhuri baki nao, Mwenyekiti. Kuku nitawalinda kwa kandambili.