Kigingi Chini ya Pedeli ya Mafuta

Wananchi wote wa Tunduma na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba kuanzia sasa hakuna gari la zamani litakaloruhusiwa kuwa na haraka.

Ndivyo spika zilivyonguruma juu ya gari la matangazo, kutoka Chapwa mpaka mpakani, zikipenya katikati ya malori yaliyopanga foleni, wabadilisha fedha na bodaboda. Tangazo lilikuwa refu ila kiini chake kilikuwa chepesi: imeundwa Kamati ya Mwendo Unaoendana na Umri, mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Abrahamu Mbonile, na yeyote atakayeliongezea nguvu gari lililozeeka atachukuliwa hatua kali, za kati na nyepesi, kwa mpangilio huo.

Watu wenye nia mbaya walisema kamati ilizaliwa kwa hasira. Si kweli. Ilizaliwa kwa utafiti. Siku moja Mheshimiwa Mbonile alikuwa akipanda mlima ulio kabla ya Vwawa, ndani ya gari jipya la ofisi, kiyoyozi kikimpuliza mashavu, alipopitwa na Corolla nyeupe iliyochakaa rangi. Na haikumpita kwa unyenyekevu. Ilimpita kama mtu aliyekumbuka ameacha maharage jikoni. Mheshimiwa akamwamuru dereva wake, Anyosisye, aifuate. Anyosisye akakanyaga mafuta mpaka goti likanyooka, na Corolla ikazidi kuwa ndogo mbele yao.

"Lile gari lina umri gani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Nadhani limenizidi hata mimi, Mheshimiwa."

"Na limenipita."

"Limetupita, Mheshimiwa."

"Wewe hujapitwa, Anyosisye. Wewe unaendesha tu. Anayepitwa ni mwenye cheo."

Kabla hawajafika Tunduma, Mheshimiwa alikuwa ameshagundua tatizo la taifa. Vitu vilivyozeeka vilikuwa vimeacha kujua nafasi yake. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ndogo, ambayo haikutangazwa kwenye spika. Mheshimiwa alikuwa ameufikia umri wa kustaafu, akaupungia mkono na kuendelea na safari. Alikuwa kazini kwa mkataba wa nyongeza, na mkataba ulikuwa unaelekea ukingoni. Kamishna wa Mienendo angekuja kutoka makao makuu kukagua kazi zake na kuamua kama aongezewe mwingine au akapalilie mahindi. Mheshimiwa hakuwa na ugomvi na mahindi. Ila alipenda kuyaona yakiwa yamechomwa.

Corolla ilipatikana kirahisi, kwa sababu kila mtu alijua ilipo. Ilikuwa Sogea, uani kwa Mama Ipyana, boneti ikiwa wazi. Juu yake kulikuwa na magogo matatu ya mkaratusi yaliyofungwa kileleni, na mnyororo wa kunyanyulia injini ukining'inia. Chini kulikuwa na sufuria ya ubwabwa iliyokuwa imekinga oili. Miguu miwili ilitokeza uvunguni.

"Toka tukuhutubie," alisema Mheshimiwa.

Kijana Ipyana akatoka, akajifuta mikono kwenye suruali, akamwamkia shikamoo safi kabisa. Alidhani wageni wamekuja kushangaa, kama wanavyokuja wengine, basi akaanza kuwatembeza. Hii ni turbo, ameitoa kwenye gari lililopinduka. Hii ekzosi ameikunja mwenyewe, fundi wa kuchomelea amemalizia. Springi amezibadilisha. Breki sasa ni za disku magurudumu yote manne.

"Nilianza na breki, Mheshimiwa. Mama aligoma kunipa ua wake mpaka nianze na breki."

"Na sufuria yangu kachukua bila kuniuliza," alisema Mama Ipyana kutoka mlangoni.

Mheshimiwa alilizunguka gari akiwa ameshika mikono nyuma, kama anakagua gwaride lenye askari mmoja.

"Gari hili ni la nani?"

"La marehemu baba. Alikuwa mwalimu kule Iyula. Mimi nalitunza tu."

"Unalitunza kwa kulikimbiza?"

"Linapenda lenyewe, Mheshimiwa. Mimi naliwekea tu mazingira wezeshi."

"Kijana, nijibu. Babu yako angekuwa hai, ungempa dawa akimbie mbio?"

"Babu yuko hai, yuko Ileje. Juzi kamkimbiza mwizi wa mbuzi."

"Alimkamata?" aliuliza Anyosisye.

Mheshimiwa akamtazama Anyosisye mpaka Anyosisye akaanza kutazama kuku.

"Niliandike hilo la mbuzi?" aliuliza Raudha, katibu wa kamati, binti makini sana ambaye hajawahi kuacha neno lidondoke bila kuliokota.

"Usiliandike. Andika uamuzi."

Uamuzi ulikuwa wa busara. Kamati haikutaka kumnyang'anya kijana gari la marehemu baba yake. Kamati ina moyo. Kilichofanyika ni kuchongwa kigingi cha mkaratusi, kikapigiliwa sakafuni chini ya pedeli ya mafuta, ili mguu ushuke kidogo tu kisha ugote kwenye maadili. Juu yake ikamwagwa lakiri nyekundu na kupigwa mhuri wa ofisi. Atakayekigusa kigingi, gari lake linataifishwa hapo hapo.

"Sasa litatembea kwa heshima," alisema Mheshimiwa.

"Litatembea?" aliuliza Ipyana.

Lilitembea. Toka siku hiyo watoto wa Sogea walikuwa wakiisindikiza Corolla kwa miguu mpaka barabara kuu, na wakichoka kuisubiri wanatangulia.

Siku ya kuja kwa Kamishna ikafika. Angetua Mbeya kwa ndege, kisha aje Tunduma kwa msafara. Itifaki iko wazi juu ya jambo hili: mkubwa akishuka kwenye gari, wadogo wawe wameshapanga mstari, jua limeshawachoma vya kutosha na tabasamu limeshakauka usoni. Mdogo anayefika baada ya mkubwa hana tofauti na aliyekufa, isipokuwa aliyekufa anapewa ruhusa.

Asubuhi hiyo Mheshimiwa Mbonile alikuwa Mlowo, alikokwenda kufanya onyesho fupi la kuchekelewa na wanunuzi wa mazao, yaani kutoa elimu kwa umma. Akamaliza, akapanda gari jipya la ofisi pamoja na Raudha, na gari likawasha taa ya njano kwenye dashibodi. Kisha likawasha nyingine nyekundu. Kisha likazima, likatulia kama ng'ombe aliyeamua.

"Limefanya nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Limegoma," alisema Anyosisye. "Haya mapya hayashikwi hovyo. Linataka mtaalamu na kompyuta, kutoka Dar."

"Aje sasa hivi."

"Kutoka Dar, Mheshimiwa."

Hapo ndipo Corolla nyeupe ilipojitokeza, ikitokea Iyula na gunia la mahindi ya Mama Ipyana kwenye buti, ikija kwa mwendo wa maandamano ya kanisa. Walipoiona kwa mara ya kwanza Mheshimiwa alikuwa na muda wa kuvaa koti, kufunga vifungo vyote na kukohoa kabla haijafika.

"Karibuni," alisema Ipyana, akifungua mlango wa mbele. "Mheshimiwa kaa hapa, utaona mandhari. Utaiona vizuri sana."

Wakaondoka. Wakapitwa na bodaboda iliyobeba magodoro. Wakapitwa na baiskeli yenye mkaa. Dereva wa lori la Zambia alipunguza mwendo akawachungulia, akapaza sauti, "Mulishani, bashikulu!" na kuendelea. Anyosisye, aliyekulia mpakani, alieleza kwamba wamesalimiwa na kuitwa babu. Mheshimiwa alisema hakuomba tafsiri.

Kisha simu ya Raudha ikaita. Akasikiliza, akakata.

"Msafara wa Kamishna umeshatoka Mbeya. Uko nyuma yetu, barabara hii hii."

Jasho la Mheshimiwa likabadilika, likawa lile la kiutumishi. "Kijana. Toa kigingi."

Ipyana akasimamisha gari pembeni, haikuchukua muda. "Siwezi, Mheshimiwa. Nikikigusa gari linataifishwa. Hili ndilo tulilobaki nalo la baba."

"Mimi mwenyekiti ndiye ninayekuruhusu!"

"Tangazo lilisema kamati. Nilisikia kwa masikio yangu, lile spika lilisimama dirishani kwetu. Nikiamini mdomo, kesho atakuja mwingine na mdomo mwingine. Mimi nataka kamati."

"Anasema kweli," alisema Raudha. "Ni lazima kikao, chenye akidi ya wajumbe watatu. Na hakifanyiki ndani ya chombo kinachotembea."

"Hiki hakitembei!" alifoka Mheshimiwa.

"Basi tushuke, kiwe rasmi."

Wakashuka. Wanawake waliokuwa wakianika kahawa kwenye ua wa jirani wakaacha kazi. Anyosisye hakuwa mjumbe, hivyo kikao cha kwanza kiliketi kumfanya mjumbe. Ilionekana hakina akidi ya kumfanya mjumbe, kwa vile yeye ndiye aliyekuwa wa tatu. Mheshimiwa akatumia mamlaka ya dharura aliyokuwa nayo kwa mujibu wa sauti yake. Anyosisye akawa mjumbe, akaomba posho, akaambiwa akae.

Kikao cha pili kikafunguliwa kwa sala. Raudha akaomba pia ya Kiislamu, ili kusiwe na malalamiko. Ajenda zikasomwa, zikathibitishwa. Mheshimiwa akasema twende moja kwa moja kwenye kigingi. Raudha akasema kuna yatokanayo na kikao kilichopita.

"Yatokanayo gani?"

"Sufuria ya mama wa kijana. Alilalamika."

Wakalijadili. Ipyana, akiwa ameegemea boneti, aliahidi kuirudisha.

"Sasa kigingi!" alisema Mheshimiwa, akigeuka kutazama barabara nyuma.

"Kabla ya hapo," alisema Raudha kwa upole, "mwenyekiti ana maslahi binafsi katika ajenda hii. Ndiye abiria. Kwa utaratibu wetu anatoka nje ya kikao."

"Tuko nje tayari, Raudha!"

"Nje ya nje, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akatembea mpaka kwenye mnazi wa umeme, yaani nguzo, akasimama akiwapa mgongo. Raudha akahesabu wajumbe waliobaki, akatangaza kwamba akidi imepungua, kikao kimeahirishwa. Mheshimiwa akarudi mbio kujaza akidi. Akidi ikajaa, maslahi yakarudi nayo. Akatoka. Ikapungua. Wanawake wa kahawa walikuwa wameshaketi chini, mmoja akanyonyesha mtoto huku akifuatilia, akauliza kwa sauti, "Huyu baba anatafuta choo?"

Ndipo king'ora kikasikika.

Msafara ulipita, gari moja, mbili, kisha la tatu likafunga breki. Kioo kikashuka. Ndani alikuwamo Kamishna wa Mienendo, mama mwenye miwani mikubwa aliyezoea kujibiwa.

"Si Mbonile huyu? Mbona uko kwenye nguzo?"

Mtumishi wa muda mrefu hakosi neno. Mheshimiwa akakaza tai. "Kikao cha nje, Mheshimiwa Kamishna. Tumeshuka chini kwa wananchi."

"Na gari hilo?"

Hapo Mheshimiwa aliona mlango umefunguka. Kamishna akashuka, akaonyeshwa kigingi, lakiri na mhuri. Akamweleza kwa ufasaha, mkono ukipaa hewani, kwamba kila kitu kina wakati wake, kwamba kilichozeeka kikiongezewa nguvu kwa hila kinahatarisha wengine na kuwazibia njia vilivyo vipya, kwamba dawa si kukionea bali ni kukipunguza mwendo kwa upendo. Hakuwahi kuongea vizuri namna ile. Wanawake wa kahawa walipiga makofi.

Kamishna alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo.

"Nimezunguka nchi nzima, Mbonile. Sijakutana na mtumishi anayejielewa hivi. Nilikuwa nimekuja na mkataba wako kwenye mkoba, sijui nifanye nini, naona aibu kukwambia. Umenirahisishia. Una umri gani vile?"

Mheshimiwa akaanza kukaza tai upya.

"Basi, usiseme. Umeshasema." Akageuka. "Katibu, panda humu, tukaangalie ofisi. Na dereva panda gari la nyuma."

Raudha alipanda. Anyosisye alipanda, akipunga mkono. Mheshimiwa naye akashika mlango, na mkono laini wa Kamishna ukauondoa wake.

"Wewe njoo taratibu, mzee wangu. Hakuna tena kinachokuwahisha."

Msafara ukaondoka. Vumbi likatulia juu ya kahawa, wanawake wakalalamika, kisha wakarudi kazini. Ipyana akafungua mlango wa mbele, akakipangusa kiti kwa kiganja.

"Panda, mzee. Twende."

Mbonile akapanda. Wakasogea. Kuku mmoja akavuka barabara mbele yao, akasimama katikati, akafikiri, akamaliza kuvuka.

"Sasa si ukitoe hicho kigingi?" alisema Mbonile, sauti ndogo. "Hakuna anayeona."

"Kamati haina mwenyekiti, mzee. Mpaka wateue mwingine."

Nyuma yao kengele ya baiskeli ikalia, ikiomba njia.

"Basi kanyaga kidogo, mwanangu."

"Nimekanyaga mpaka mwisho, mzee."